Mama Haron Aenda Kuiona Nyumba

Haron Waithaka alikuwa mchoraji wa mabango pale River Road, na kama uliwahi kunyolewa au kula chipsi mjini miaka ile, huenda ulikaribishwa na mkono wake. Kichwa cha kinyozi, jino la daktari, kuku anayecheka huku akijua vizuri anakokwenda, vyote vilikuwa vyake. Alipenda mzaha, na hakuna aliyemdhania kuwa na jambo moyoni.

Mwaka wa 2004 akaanza kuchora kitu ambacho hakuna mteja aliyekiagiza. Ilikuwa nyumba ya mbao karibu na Dagoretti Corner, alikokulia na dada yake Cate. Hapo ndipo baba yao, fundi seremala, aliporudi amelewa Jumapili moja mchana, akatupa sufuria uani, kisha akaipasua kwa shoka meza aliyoiunda mwenyewe. Watoto walijificha chini ya kitanda. Mama alihama nao wiki hiyo hiyo, na siku ile haikutajwa tena, hata baba alipozikwa. Haron alichora meza, sufuria na kitanda. Mama hakumchora. Aliona haya kumweka mbele za watu katika saa yake mbaya kuliko zote.

Obuya, aliyefanya naye kazi kibanda kimoja, aliikodolea macho ile picha.

"Buda, hii hoteli yako haina bei ya chai," alisema. Kisha akaisogelea tena. "Lakini imenishika."

Obuya ndiye aliyempeleka kwa Lornah, mama mwenye ukumbi mdogo wa maonyesho katikati ya mji. Lornah akaipa picha ukuta mzima, watu waione Jumamosi.

Shida ikawa mama yake Haron. Haron hangeionyesha bila ruhusa yake, na alikuwa ameapa kwamba mama akikataa, ataifunika yote kwa rangi nyeupe aandike juu yake Supu ya Kichwa. Akaenda Mountain View, alikoishi mama, akanywa vikombe vitatu vya chai akizungumzia mvua, ndipo akasema.

"Mama, nimechora ile nyumba ya Dagoretti. Ukuje uione kwanza, watu wasiione kabla yako."

Mama alikunja kitambaa cha meza, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nitakuja," alisema.

Jumamosi asubuhi alifika na kina mama sita wa kanisa, kila mmoja na mfuko: unga, sukari, mafuta, mkungu wa ndizi. Mmoja alikuwa tayari anamuuliza mlinzi jikoni ni wapi.

"Mama, ni picha tu," Haron alinong'ona.

"Najua ni picha. Ile nyumba nilitoka bila kuaga. Siwezi rudi mikono mitupu."

Mama Muchiri, mmoja wao, akaombea picha, na maombi yake hayakuwa mafupi. Lornah alisimama macho yamefumbwa, amekumbatia pakiti mbili za unga. Haron alitaka kucheka, lakini macho yake hayakutoka kwa mama.

Amina iliposemwa, mama alisogea karibu.

"Meza ndiyo hiyo. Sufuria ndizo. Sasa mimi niko wapi?"

"Nilikuacha, mama. Sikutaka watu wakuone vile."

"Vile vipi? Wewe ulikuwa chini ya kitanda, haukuona kitu. Mimi nilisimama hapa, mlango ya chumba yenu, na yeye ako na shoka. Nikamwambia apasue meza yote akitaka, lakini hapa hapiti. Na hakupita."

Miaka yote Haron aliamini baba aliishia kwenye meza kwa kuchoka tu. Alilia hapo hapo mbele ya kina mama wote, wala hakuona aibu.

Mama alimwacha alie. Kisha akaweka mfuko wa sukari chini, akajinyoosha mbele ya ukuta, mikono kiunoni.

"Leta brashi," alisema. "Na unichore mkubwa, nijaze mlango."