Siku Radi Ilipoingia Ofisi ya Kamusi

Ipo siku moja ya mvua ya mawe, mwanangu, ambayo nikiikumbuka kifua changu hupanuka mpaka leo. Ninyi mmezaliwa mkakuta simu mifukoni. Kitu kikigoma mnakizima na kukiwasha, kikigoma tena mnasema kimekufa, mnatafuta kingine. Siwalaumu. Lakini sogea karibu nikueleze tulivyokuwa tukifanya sisi, katika mji huu huu wa Kakamega, miaka ya tisini, wakati kompyuta ilikuwa kitu cha kufunikwa kitambaa cha kufuma kila jioni kazi inapoisha.

Nilikuwa nimemaliza mafunzo yangu ya kompyuta kule Kisumu, nikaajiriwa na Mwalimu Muhati. Mwalimu alikuwa mzaliwa wa Malinya, mtu mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuwa mkuu wa shule kabla ya kustaafu. Baada ya kustaafu alijipa kazi moja tu: kuandika kamusi ya Lwidakho, lugha ya mama yake. Alizunguka na baiskeli Malinya yote, akafika Iguhu na vijiji vya pembeni, akakaa na wazee na kinasa sauti chake, akiokota maneno ambayo watoto wa mjini hawakuyajua tena. Majina ya nyasi. Majina ya magonjwa ya kuku. Maneno ambayo mkwe hapaswi kuyatamka mbele ya mkwewe. Yote hayo yaliletwa ofisini kwetu tukayaandika.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kanisa. Chumba cha mbele alikaa Mama Rispa, mpiga chapa, na kompyuta aliyoitumia kupanga kurasa pamoja na printa. Chumba cha nyuma nilikaa mimi na kompyuta kubwa, ile iliyohifadhi maneno yote. Waya mmoja mweusi ulipita chini ya mlango kuziunganisha. Huo ndio uliokuwa mtandao wetu, usicheke.

Kompyuta kubwa ilitumia mfumo wa Linux. Mpwa wa Mwalimu, aliyekuwa akisoma ng'ambo, ndiye aliyetuwekea alipokuja likizo, kwa kuwa mfumo ule ulikuwa wa bure na ulikubali kukaa kwenye mashine kuukuu kama yetu. Kisha akarudi zake masomoni, akaniacha nao. Sikumjua mtu mwingine hapa mjini aliyeutumia. Nilijifunza kwa kusoma maelezo yaliyokuwa ndani ya mashine yenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka Mama Rispa akawa ananitania.

"Agneta, wewe husomanga hiyo skrini kama mtu anasoma Zaburi."

Nami nilimjibu kwamba Zaburi ni rahisi zaidi.

Sasa, mwaka ninaousema, kamusi ilikuwa imefika mwisho. Mwalimu alikuwa amewaalika wale wazee waliompa maneno wakutane Jumamosi katika ukumbi wa kanisa kule Malinya, wasomewe kurasa za kwanza zilizochapwa, wasahihishe kabla kitabu hakijapelekwa kiwandani. Alikuwa na haraka, na sote tulijua sababu. Macho yake yalikuwa yanafifia. Tena baadhi ya wale waliompa maneno walikuwa wameanza kuondoka. Mzee Ingosi alikuwa amezikwa msimu uliopita. Huyo alikuwa mtu wa mafahali. Fahali wa kupigana akiletwa uwanjani, yeye alimtaja kwa jina la pembe zake, kwa jina la rangi yake, hata kwa jina la namna anavyokwaruza ardhi kabla ya kushambulia. Maneno yake yalijaza kurasa nzima. Na kanda tulizomrekodia tulikuwa tumeshazitumia tena kwa watu wengine, kwa sababu kanda zilikuwa shida kupata na tuliona maneno yamekwisha kuingia kwenye kompyuta, yako salama. Nakala zetu za diski ndogo zilikuwa za nyuma sana, kabla ya maneno ya Mzee Ingosi kuingizwa.

Unazijua alasiri zetu. Asubuhi jua, mchana mawingu yanatoka upande wa msitu, na kabla ya watu kutoka kazini mbingu inapasuka. Jumatatu ya wiki ile mawe yalipiga mabati mpaka mimi na Mama Rispa tukawa tunaongea kwa mikono. Halafu ikapiga radi moja. Mwanga na mlio vilikuja pamoja. Ukutani, pale waya wa simu ulipoingia, palisikika mlio mkali kama kijiti kilichovunjwa, na chumba kikajaa harufu ya plastiki iliyoungua. Kompyuta kubwa ikazima.

Mvua ilipokatika niliiwasha. Maandishi yakaanza kushuka kwenye skrini kama kawaida. Kisha yakasimama. Nikazima, nikawasha. Yakasimama tena.

Kesho yake akaja fundi kutoka Kisumu. Alikuwa mtu mzuri, mwenye mikono safi na adabu, na kazi yake aliijua, ila mfumo wetu alikuwa hajawahi kuugusa. Aliitazama mashine ikiwaka na kusimama, akatikisa kichwa.

"Dada, radi haichezi. Hiyo diski imeungua. Mimi naweza kuwawekea diski mpya na mfumo mwingine, lakini vilivyokuwa ndani, pole sana."

Mama Rispa alikaa chini akafunika uso kwa leso. Mimi sikulia. Niliwaza Jumamosi, nikawaza mjane wa Mzee Ingosi akiwa ameketi ukumbini akisubiri. Nikatoka nje kumpokea Mwalimu, aliyekuwa anaingia lango la kanisa akipapasa njia kwa fimbo.

"Mwalimu, pole. Mashine imekufa."

Alisimama. Hakuuliza radi ilipiga saa ngapi wala nani alisema nini. Aliniambia hivi, na maneno haya nimeyabeba maisha yangu yote:

"Agneta, nimefundisha hesabu miaka mingi. Mtoto akiniambia hesabu imekataa, simwachi aende zake. Namwuliza, imekataa kwenye mstari gani? Sasa wewe usiniambie imekufa. Niambie ilisema nini mwisho."

Mimi niliyesifiwa kwa kusoma skrini nilikuwa nimesimama nyuma ya fundi nikitazama yale maandishi yakishuka kama mtu anayetazama mvua.

Mwalimu aliingia chumba cha nyuma, akavuta kiti mbele ya kompyuta. "Herufi ndogo sizioni tena," akasema. "Nisomee. Anza juu, usiruke."

Nikawasha. Ujue, mwanangu, mifumo ya siku hizi ikiwaka inakuonyesha picha nzuri na kukuficha kila kitu. Linux ya wakati ule ilisema kila ilichokifanya, mstari kwa mstari, kama mtu anayehesabu vyombo vyake baada ya kuhama. Nikaanza kusoma kwa sauti. Imeona kichakataji. Imeona kumbukumbu, yote iko. Imeona tundu la kipanya. Mwalimu aliitikia kwa kichwa kila mstari, hata pale nilipojua haelewi.

"Hapa imeitaja diski," nikasema, "na ukubwa wake."

"Rudia."

"Imeitaja diski. Na ukubwa wake, na jina la kiwanda kilichoitengeneza."

Mwalimu akageuza uso upande wangu. "Hiyo diski iliyoungua ndiyo inajibu hivyo, na jina la kwao?"

Fundi, aliyekuwa ameanza kurudisha vifaa vyake kwenye mkoba, akasimama.

"Endelea," Mwalimu akasema.

Nikaendelea mpaka mwisho. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa ule ambapo mfumo unaanza kuitafuta kadi ya mtandao, ile iliyoshikilia waya mweusi wa kwenda kwa Mama Rispa. Uliuliza, na hapo ukanyamaza. Haikuwa diski. Mashine ilikuwa inabisha hodi kwenye kadi ya mtandao, na ndani hakukuwa na wa kujibu, nayo ikabaki mlangoni inasubiri.

"Dada, soma tena huo wa mwisho," fundi akasema. Sasa alikuwa amesimama begani kwangu na bisibisi mkononi, na macho yake yalikuwa yamechangamka. Nampenda mtu wa namna hiyo. Wengine wangeshikilia neno lao kwa ajili ya heshima.

Tulifungua mashine pamoja. Modemu, kile kifaa kilichounganisha kompyuta na waya wa simu, ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Tukaitoa kwanza, hiyo peke yake, tukawasha. Ikasimama palepale. Tukatoa kadi ya mtandao, ambayo kwa macho ilikuwa safi, haina hata doa. Tukawasha.

Maandishi yakashuka. Yakafika pale pa kusimama, yakapita. Yakaendelea kushuka mpaka skrini ikaniuliza jina langu.

Niliandika jina langu. Nikafungua maneno. Herufi ya kwanza ilikuwapo, na za katikati, na za mwisho. Nikatafuta mafahali wa Mzee Ingosi nikaanza kumsomea Mwalimu, pembe moja baada ya nyingine. Alivua miwani, ambayo wala haikumsaidia tena, akaifuta kwa muda mrefu.

Hatukuchezea bahati. Kabla ya kugusa kitu kingine nilitoa nakala kwenye diski ndogo, tukampa Mwalimu aziweke kwake nyumbani. Ndipo tukarudi kwenye mtandao, kwa sababu bila mtandao maneno hayakuweza kufika kwa Mama Rispa ili yapangwe na kuchapwa.

Fundi alikuwa na kadi nyingine kuukuu mkobani. Tukaipachika. Mfumo ukaiona na kuitaja, lakini waya ukabaki bubu. Tukakagua waya na vizibo vyake vya miishoni, vyote vizima. Fundi akasema labda kadi yake nayo ni mbovu. Nikamwambia, "Ngoja kwanza tuiulize." Kwa mfumo ule uliweza kuuliza. Kila kifaa ndani ya kompyuta hubisha hodi kwa namba yake, na niliomba kuonyeshwa nani anatumia namba ipi. Kumbe kadi ile ya fundi na tundu la kipanya vilikuwa vinataka namba moja. Kila kadi ilipobisha, mashine ilidhani ni kipanya.

Fundi akacheka kwa sauti. "Hiyo naijua!" Kwenye kadi palikuwa na kipini kidogo cha plastiki cha kubadilishia namba. Akakihamisha kwa ncha ya kucha, mimi nikaujulisha mfumo namba mpya, nikatuma salamu kwenda mashine ya mbele. Jibu likarudi. Likarudi jingine. Na kabla sijasema neno nikasikia sauti kutoka chumba cha mbele:

"Agneta! Nimeiona! Herufi A ndiyo hii hapa kwangu!"

Jumamosi tulikwenda Malinya na kurasa zetu. Ukumbi ulijaa. Walikuja kina mama wenye vitambaa vyeupe kichwani, wazee wenye makoti mazito, na baba yangu pia, aliyekuwa ametoka Ekero akiacha miwa yake, kwa kuwa nilimtumia ujumbe aje. Baba hakuwahi kuelewa kazi yangu. Alikuwa akiwaambia watu kwamba binti yake anafanya kazi ya televisheni.

Mimi ndiye niliyesoma, kwa kuwa macho ya Mwalimu yalikataa. Nikafika kwa mafahali. Mjane wa Mzee Ingosi alikuwa ameketi mbele, mikono mapajani. Nilisoma jina la fahali mwenye pembe zilizopinda kwenda mbele, na yule mama akainua mkono.

"Hapo mmekosea," akasema. "Mzee alikuwanga anavuta hiyo sauti ya mwisho. Wewe unaikata."

Akalitamka mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe jioni, na wazee wote wakaangua kicheko, wengine wakalitamka naye. Mwalimu aliniambia, "Sahihisha," nami nikasahihisha machozi yakinitoka.

Kabla ya obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, kuletwa, Mwalimu alinisimamisha. Hakusema mengi. "Maneno yenu yalikuwa yamefungiwa ndani," akawaambia. "Huyu binti aliisoma mashine mpaka ikafunguka. Na fundi wa Kisumu alimsaidia." Kina mama wakapiga vigelegele. Na nyuma kabisa ya ukumbi nikamwona baba yangu amesimama, kofia mkononi, akimwambia kila aliyekuwa karibu naye, hata wasiomuuliza: "Huyo ni wangu. Huyo anasoma pale ni wangu."

Baada ya hapo niliitwa sehemu nyingi, na vijana niliowafundisha leo wanaendesha mitambo ambayo mimi siielewi. Naringa kidogo, niruhusu.

Basi, mwanangu, nakuachia haya. Kitu kikikugomea, iwe mashine, iwe masomo, iwe ndoa, usikimbilie kusema kimekufa. Kaa nacho. Sikiliza kilisema nini mwisho kabla ya kunyamaza. Badilisha jambo moja, utazame, ndipo ubadilishe jingine. Ukivuruga yote kwa pamoja hutajua kilichoponya wala kilichoua. Ukiwa na cha thamani, usikiweke mahali pamoja tu. Na mtu akikuonyesha ulipokosea kusoma, fanya kama yule fundi: sogea karibu, usome tena.

Mungu akupe macho ya kuona na subira ya kusoma mpaka mstari wa mwisho. Akupe kazi ambayo jina lako litatajwa ndani yake kwa heshima, na siku hiyo wazazi wako wawe hai, wamesimama nyuma ya ukumbi, wakisikia. Nenda salama, mwanangu.