Goti la Binti Yangu

Nilikuja Saudia ili binti yangu asije akaja. Niliapa hivyo Riyadh, nikipiga deki nyumba yenye ngazi zisizoisha, na nilipohamia Jeddah, kwa madam wa mtaa wa Al-Rawdah, kiapo kilikuwa kile kile.

Yeye alikuwa mchezaji wa voliboli. Mrefu, mbishi, na chuo kilimsomesha bure kwa ajili ya mkono wake wa kushoto. Kisha kocha wa chuo kingine akamwahidi chumba chake mwenyewe na nafasi katika kikosi cha kwanza. Binti akanipigia Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, niko sokoni Sharafiya.

"Mathe, nahama."

"Usiache mbachao kwa msala upitao. Huyo kocha ameandika, ama amesema tu?"

"Amesema. Na wewe si ulihama Riyadh?"

"Mimi sikutoka kwa kafili wa kwanza, mwajiri anayeshika karatasi zangu, mpaka wa pili akatia sahihi. Anayetoka kabla hana mwenyewe. Akiugua, kila mmoja anasema ni wa yule mwingine."

Akacheka. "Hii ni chuo, Mathe, si Saudia."

Akahama. Chuo cha kwanza kikakalia barua ya kumruhusu, na bila hiyo cha pili hakingeweza kumsajili. Kocha akamwambia afanye mazoezi huku akisubiri. Akaruka kuzuia mpira, akatua vibaya, goti likachanika kwa ndani. Chuo kipya kikasema bado si mwanafunzi wetu. Cha zamani kikasema alishaondoka. Kocha, mwenye maneno matamu, akaacha kushika simu. Nililia kwa hasira jikoni kwa madam mpaka wali ukaungua. Nilitaka kumpiga mtu, na sikujua nimpige nani.

Nilichotuma kilitosha dawa. Upasuaji hapana, na karo ndiyo kabisa.

Alikaa nyumbani mwaka mzima, akinijibu neno moja moja. Mtoto aliyekuwa akinikatiza kila sentensi! Nilimlilia kama aliyefiwa. Halafu asubuhi moja akapiga mwenyewe, sauti imechangamka kama zamani.

"Mathe, nimepata ajenti wa kazi za nje. Wamenipima damu, kifua, kila kitu. Nimepita."

"Na goti?"

"Hawakuuliza."

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, kitambaa mkononi. Nikamuuliza anapelekwa mji gani. Akasema Riyadh.