Karani aliyepiga simu kila alasiri kuuliza saa

Wakuu, habari za siku. Nimerudi Bagamoyo baada ya kuzurura mikoani, na kuna jambo nimelijua juzi nashindwa kukaa nalo. Sitii chumvi, ingawa mhusika alikuwa karani wa mashamba ya chumvi.

Nikiwa mdogo, kila Ijumaa baada ya sala alikuja kwetu Dunda mzee mmoja, Bwana Hatibu. Si ndugu, si jirani. Anakaa barazani, anamuuliza mama habari zake mpaka chai inapoa, kisha anaondoka.

Nilidhani anamtaka mama. Cha ajabu, baba yuko ndani anacheka tu.

Safari hii nikamuuliza mama.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini alikuwa opereta wa simu. Enzi hizo ukinyanyua simu anaitika opereta, unamtajia unayemtaka, anakuunganisha. Kupiga soga na mteja ni kosa la kazi.

Bwana Hatibu alifiwa na mke wakati wa kujifungua, na mtoto naye hakupona. Tangu hapo kila alasiri ananyanyua simu ya ofisini kwake, hataki kuunganishwa na mtu. Anauliza saa. Mama anamtajia, anashukuru, anakata.

Mama akawa anajiuliza, karani gani huyu hana saa?

Siku moja hakuuliza. Akasema, "Bibie, mwambie kaka yangu pale sokoni, funguo za ofisi ziko chini ya mkeka. Asinitafute."

Mama akaelewa. Akamwandikia tarishi kikaratasi: apande baiskeli, amfuate huyo kaka, amwahishe ofisini. Lakini atamzuiaje mtu asikate simu?

Akamsalimia.

Mnatujua watu wa pwani. Mtu akikusalimia humkatishi, hata uwe na haraka gani. Mama akaanza: habari za kazi, za nyumbani, za shangazi, za majirani, za mbuzi wa majirani. Bwana Hatibu, kwa adabu zake, akajibu zote. Njema. Njema. Salama.

Msimamizi akamtolea mama macho. Mama akampa mgongo.

Mwisho habari zikamwishia. Akauliza, "Na wewe mwenyewe?"

"Njema."

"Nimekuuliza wewe, Hatibu."

"Si njema, bibie. Si njema hata kidogo."

Akaanza kueleza. Mama hakumshauri kitu, alikuwa anaitikia tu, mpaka akasikia mlango wa kule ukifunguliwa na kaka mtu akiita jina.

Mama alipewa barua ya onyo. Anayo mpaka leo.

Bwana Hatibu akaishi, akaoa tena, akazeeka. Ila kuna kitu kilimsumbua: siku ile aliulizwa habari zote, yeye hakuuliza hata moja. Ndiyo zile Ijumaa.

Wakuu, nimewauliza bodaboda wa hapa Dunda namba ya kupiga mtu akizidiwa na mawazo. Wanazijua za kubeti zote, hiyo hawana. Hata mimi sina.

Mwenye nayo aiweke hapa, lakini apige kwanza ahakikishe kuna mtu anaitika. Na aliyezidiwa leo asisubiri uzi, amwambie aliye karibu naye au aende hospitali.

Haya, nyie wenyewe habari zenu? Msikimbilie kujibu njema.