Mbawakawa wa Kileleni

Mtaani walimwita Mama Mende, na hakuna aliyejisumbua kujua kwamba wale hawakuwa mende. Walikuwa mbawakawa, weusi, wadogo kama punje ya maharagwe, wasio na mabawa ya kurukia, na hawakupatikana popote duniani ila kwenye kilele cha mlima ule ambao kila mtu aliuona kutoka dirishani kwake. Lakini mtu anayefuga wadudu ndani ya friji atakosaje jina? Mumewe, fundi wa mafriji, ndiye aliyeanza kumtania. Alisema wenzake wakioa huwekewa maji baridi, yeye amewekewa mende. Aliyasema hayo huku akibadilisha mpira wa mlango wa friji ile ile, ili baridi isivuje.

Kazi ya mama huyu ilikuwa kukusanya wadudu kwa ajili ya kituo cha utafiti. Aliianza akiwa binti, kwa kuwa alikuwa na miguu myepesi na hakuogopa kuumwa. Chini mlimani, kwenye joto, mtego mmoja tu ulimtoa jasho: wadudu wa kila rangi na kila umbo, hata watafiti walichoka kuwapa majina. Katikati ya msitu walijaa vile vile. Kuanzia hapo, kadiri alivyopanda walipungua, mpaka kule juu kwenye mawe na ukungu, ambako mitego ilishinda mitupu, na siku ya bahati alimkuta mbawakawa mmoja mweusi akizungukazunguka. Wenzake waliona kupanda kote kule ni kazi bure. Yeye aliwapenda hao hao wachache, wala hakuficha.

Kisha joto nalo likaanza kupanda mlima. Vipepeo wa mashambani akawa anawakuta msituni, na wa msituni akawakuta kwenye nyasi za juu, kila mmoja akiifuata baridi yake. Wa kileleni ndio hawakuwa na pa kusogea. Walipoanza kuadimika, kituo kilimruhusu achukue wachache awatunze, na kwa kuwa friji ya kituo ilikuwa imekufa, akawaweka kwenye yake. Lakini wafadhili wakaondoka, kituo kikafungwa, na mkuu wake akamwambia, akiwa amesimama mlangoni, awarudishe alikowatoa. Mama hakubisha. Ndani ya friji hawakuwa wametaga hata yai moja. Kama palikuwa na tumaini lolote, lilikuwa kule juu.

Walipanda wawili, yeye na mumewe, wakipokezana boksi la barafu lenye wadudu ndani. Fundi alihema njia nzima, akilalamika kwamba yeye alioa mwanamke, hakuoa mlima. Mkewe alicheka, na ilikuwa muda mrefu hajacheka. Alikuwa akiwaona tayari wakiingia chini ya mawe yao kana kwamba hawakuwahi kuondoka.

Kileleni kulikuwa na magogo mawili yaliyooza. Ni yeye aliyeyapandisha mwaka uliopita, mgongoni, kutoka msitu wa chini, baada ya nyasi za kule juu kukauka, ili mbawakawa wapate pa kujificha jua. Hakuna aliyemtuma. Sasa alipiga magoti akageuza gogo la kwanza, na lilikuwa limejaa sisimizi. Walikuwa wale wekundu wa chini, wanaotafuna kila kinachotambaa, wakikimbia huku na huku na mayai yao meupe mdomoni. Zamani baridi ya pale ingewamaliza mara moja. Aligeuza la pili, nalo hali ni ile ile. Pembeni palikuwa na maganda meusi, matupu, ya wale aliowaacha.

"Sisimizi walikuwa ndani ya magogo tangu chini," alisema. "Nimewaleta mimi."

Fundi alimwambia wangefika tu, leo au kesho, kwa joto hili.

"Wangefika. Lakini waliletwa, na aliyewaleta ni mimi."

Mumewe alichuchumaa kando yake, akamkung'uta sisimizi mikononi. "Tuwarudishe nyumbani, mke wangu. Friji bado nzima."

"Kwenye friji hawatagi. Wataisha mmoja mmoja, mimi nikiwatazama."

"Na tukiwaacha hapa?"

"Hapa wataliwa."

Fundi, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa spea ya kitu, alirudi kumkung'uta sisimizi mikononi. Mama alilifuta boksi pande zote kwa mkono wa sweta yake, akalipakata, akakaa pale mpaka ukungu ukawafunika. Kisha akainuka, akasema waende.

Boksi alilibeba mwenyewe, mbawakawa wakiwa bado ndani. Kadiri walivyoshuka hewa ilizidi kuwa nzito, na uhai ukazidi kuongezeka: kwanza nzi wawili watatu, kisha vipepeo, kisha nyenje waliopiga kelele hadi masikio yakaziba. Msituni wadudu waliwatua mabegani na usoni. Fundi, akitafuta neno lolote la kumfariji, alisema angalau huku wapo wengi.

"Ndiyo," alijibu mkewe. "Wapo wengi." Akaendelea kutembea, akilia, boksi kifuani.