Nilivyoitikia Salamu ya Wajapani

Nimelea watoto sita hapa Rangwi, na hakuna aliyewahi kunicheka mbele ya macho yangu. Jumapili iliyopita walinicheka wote, na ni haki yao.

Nilitoka misa nikakuta sebule ya mwanangu imejaa wanangu na majirani, na maharage yako uani hayajapukuchuliwa. Wanatazama filamu ya Wamarekani kuhusu mashujaa wa Kijapani wa zamani, na sauti ya mfasiri inawasemea wote kwa Kiswahili. Nikamwambia mkwe wangu, "Zima hicho kitu."

"Mama, imebaki kidogo tu."

Nikasimama mlangoni kuwasimamia, iishe waende kwenye maharage.

Jirani yetu, Mzee Hoza, akasema mashujaa hao ni wajinga, wanaziendea bunduki kwa panga. Mkwe wangu akasema yule Mzungu anayepigana upande wao ni msafi mno kwa mtu anayelala porini.

"Uongo mtupu," nikasema. "Kwenye tope lile viatu vinang'aa?" Nikasogea nione vizuri.

Basi mashujaa wakaingia kwa mama wa mkubwa wao, kikongwe kama mimi. Wakaweka panga chini, wakapiga magoti, wakainamisha vichwa mpaka sakafuni. Mfasiri akasema kwa adabu, "Shikamoo, bibi."

Mimi shikamoo siiachi hewani. Nikaitikia kwa sauti, "Marahaba, wajukuu zangu!"

Sebule nzima ikanigeukia. Mkwe wangu, machozi ya kicheko yakimtoka, akauliza, "Mama, nizime sasa?"

"Ngoja kwanza," nikasema. "Vijana wa watu bado wamepiga magoti."