Boliti ya Inchi, Nati ya Milimita

Jamani, mimi niliumbuka Kariakoo mchana kweupe, na hadi leo nikikumbuka uso unaniwaka, ila wanaonichefua hasa ni wale waliopanga ile diski.

Shirika letu la umma lilikuwa limebinafsishwa, nimepunguzwa kazi, na tegemeo langu ni programu moja niliyoiandika mwenyewe: unataka boliti, kompyuta inakwambia iko rafu ya ngapi. Mzee Jayanti, mwenye duka la vipuri, akasema akiiona inafanya kazi ananiajiri. Na ilikuwa inafanya kazi! Sasa si ningeiacha vilevile? Thubutu! Jana yake nikapata diski ya Linux, ule mfumo unaoendesha kompyuta, toleo jipya (jipya, jamani, bado iko kwenye nailoni), nikafuta la zamani kwenye kompyuta ya dukani, nikaweka hilo, wala sikujaribu kitu.

Asubuhi nakuta kompyuta imepakwa alama nyekundu, imevishwa maua, mzee kashaivunjia nazi (kwao Wahindu chombo kipya hakianzi kazi hivihivi), na kamwita jirani yake Mama Shayo, mwenye duka la jumla, aje ashuhudie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, haya tuone."

Kiherehere kikanipanda, nikawaambia programu naijenga upya hapahapa mbele yao. Nikaita kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa programu. Makosa! Skrini nzima makosa, yanashuka tu, na mimi jasho linashuka.

Kumbe kompaila ni ya toleo moja, maktaba (si za vitabu, ni mafaili ya msaada) inazozitegemea ni za toleo jingine, na watu wazima wamezifunga pamoja kwenye diski moja bila aibu! Nikajieleza weee, mzee akanikatisha.

"Yaani wamekupa boliti ya inchi, nati ya milimita?"

"Ndiyo mzee, hao hao!"

"Na wewe hukujaribu kuzifunga kabla ya kumletea mteja?"

Mara akaingia fundi anataka boliti ya springi. Babu Kondo, mtunza stoo, akanyoosha mkono nyuma bila hata kugeuka, akampa.

Mama Shayo akacheka mpaka akashika kaunta. "Mzee Jayanti, mbona kompyuta unayo siku zote!"

Nikasema kesho nitarudisha toleo la zamani. Mzee akanipa kipande cha nazi, akaniambia nisisumbuke.

Kazi ikaenda hivyo. Nimeapa, kitu kinachofanya kazi sikigusi tena siku ya kukionyesha. Ile diski nimeitundika uani ifukuze kunguru. Hawaiogopi.