Miezi Miwili, Siyo Sita

Jenifa, binti wa Mzee Alois wa kijiji cha Mollo, Sumbawanga, alipata habari akiwa shambani anakata ulezi na mama yake. Simu ilitetemeka mfukoni, akaitoa kwa vidole vyenye vumbi, akasoma, akarudia kusoma, kisha akapiga yowe mpaka jirani akatoka mbio kuuliza nani amefariki.

Hakuna aliyekuwa amefariki. Ofisi moja ya wahandisi jijini Dar es Salaam, watu wanaosanifu madaraja, ilikuwa imemkubali aje afanye mafunzo ya vitendo wakati wa likizo ndefu ya chuo. Jenifa alikuwa anasomea uhandisi wa ujenzi Mbeya. Nusu ya darasa lake waliomba nafasi ile, wakiwemo watoto wa jijini penyewe, na aliyechukuliwa ni yeye.

"Hongera, mwanangu," Mzee Alois alimwambia jioni, wakiota moto jikoni, maana Julai ya Ufipa haina mchezo. "Umetupa heshima. Sasa, utalala wapi?"

"Nitatafuta chumba, baba."

"Tafuta. Ukishanitajia mlango utakaoubisha, nitakupeleka stendi mimi mwenyewe. Bila mlango, huendi."

Hakusema kwa ukali. Hakuwa na sababu ya ukali, kwa kuwa alikuwa hajawahi kubadilisha neno lake, na nyumba nzima ilijua hivyo.

Ndugu wa karibu aliyeishi Dar alikuwa baba mdogo Zenon, naye alikuwa na mke na watoto wanne ndani ya chumba kimoja. Alipopigiwa simu alijibu bila kusita, "Aje, tutabanana tu." Lakini Hellena, mama yake Jenifa, alikataa. Alisema shemeji yake ana moyo mkubwa kuliko nyumba yake, na huo moyo usitumiwe vibaya.

Basi Jenifa akawageukia madalali. Kila aliyempigia alimwambia kitu kilekile: kodi ni ya miezi sita, tena kwa mkupuo.

"Kaka, mimi nakaa miezi miwili tu."

"Lipa sita, dada, ukae miwili. Hiyo minne tuachie baraka."

Mwingine alimtumia picha za chumba kizuri, sakafu inang'aa, pazia jipya, akamhimiza atume pesa saa hiyohiyo kwa sababu mteja mwingine yuko mlangoni. Jenifa akamjibu, "Nipigie kwa video, ufungue bomba nione maji yanatoka." Yule bwana hakupiga, wala hakupokea tena simu yake.

Ofisi nayo ilikuwa inasubiri. Ilitaka jibu lake kabla ya Ijumaa, la sivyo nafasi ingepewa mwingine. Usiku wa Jumanne Jenifa alilia chini ya blanketi, si kwa huzuni hasa, ila kwa hasira ya kuona jambo kubwa limekwisha kufanyika na dogo ndilo linalomshinda.

Kesho yake aliingia mjini Sumbawanga kusaga ulezi. Akiwa anasubiri zamu yake mashineni, akavuka upande wa pili kwenye mitumba kuangalia sweta. Hapo palikuwa na msichana wa rika lake, amevaa makoti mawili na bado meno yanagongana, anazungumza na simu kwa sauti ya kukata tamaa.

"Kaka, nimekwambia miezi miwili, siyo sita! Nimekuja fildi mimi, sikuja kuolewa!"

Jenifa alisimama pale pale. Ilikuwa kama amesikia sauti yake mwenyewe kinywani mwa mtu mwingine.

"Mambo," alimsalimia yule msichana alipokata simu. "Samahani, nimekusikia. Umetokea wapi?"

"Poa. Dar. Mbagala." Akajifuta pua. "Naitwa Rahel. Nimepangiwa mafunzo ya ustawi wa jamii hapa manispaa. Nalala gesti, na mama amesema nisipopata mahali pa maana wiki hii nirudi nyumbani."

"Mimi nami nakwenda fildi Dar, miezi miwili hivyohivyo, na sina chumba. Na kwenu Mbagala, chumba chako anakaa nani sasa hivi?"

"Nani akae? Kipo tu. Mama yuko peke yake na cherehani yake."

Rahel alisema hivyo bila kufikiri. Kisha akamtazama Jenifa, na Jenifa akamtazama, wakaanza kucheka wote wawili katikati ya mitumba, mpaka muuza sweta akauliza kama wananunua au hawanunui.

Lakini wazo zuri si ruhusa. Mchana huohuo Jenifa alimpakia Rahel kwenye bodaboda pamoja na unga, wakaenda Mollo. Rahel alimsalimia kila mtu mzima shikamoo, akaketi kwenye kigoda, akala ugali wa ulezi bila kuulizwa mara mbili. Ndipo Jenifa akaeleza.

Baba yake mkubwa, Timoth, alikuwapo. Alitikisa kichwa. "Kubadilishana mabinti? Tangu lini jambo hilo likafanyika hapa?"

"Tangu leo, shemeji," alisema Mama Jenifa. "Huyu nimeshamlisha. Piga simu, Baba Jenifa, nimsikie mwenzangu."

Mzee Alois alipiga. Simu ikawekwa sauti kubwa, watu wote wakasogea karibu.

"Mzee wangu, shikamoo," ilisema sauti ya Mama Rahel. "Nimeelezwa na mwanangu. Niseme ukweli: huyo mtoto hajawahi kushika jembe."

"Marahaba, mama. Na wangu hajawahi kuingia baharini. Asijaribu."

Upande wa pili kicheko kikalipuka. "Hataingia. Atalala chumba cha mwanangu, na saa moja jioni nataka awe ndani. Kuna baridi sana huko?"

"Baridi ipo, na moto upo. Mwanao hatalala na baridi maadamu nina kuni."

Wakaongea muda mrefu, kwanza ya watoto, kisha ya mvua, kisha bei ya mahindi. Mzee Alois alipokata simu, alimgeukia Jenifa. "Umenitajia mlango. Kafunge mzigo."

Jibu lilifika ofisini kabla ya Ijumaa.

Miezi ile miwili ilijaa kazi kwa wote wawili. Jenifa alichora, akafuta, akachora upya. Alipanda kwenye daraja linalojengwa akiwa na kofia ngumu kichwani, na msimamizi wake, Injinia Meshack, akampa kipande cha mtaro wa maji ya mvua ili akisanifu mwenyewe. Mchoro wake ulipopita, alimwita mbele ya wenzake akamwambia akimaliza chuo arudi, kiti chake kipo. Huku Mollo, Rahel alikwenda manispaa asubuhi na jioni alikata ulezi. Mwanzoni alikata vidole zaidi ya masuke. Alipoanza kuwaamkia bibi wa kijijini kwa Kifipa, walimwita binti yao, wakamgombania Jumapili baada ya misa.

Mwisho wa Septemba Jenifa alirudi, na hakurudi peke yake. Mama Rahel alifunga cherehani yake akasema hawezi kulelewa mtoto na watu asiowajua sura. Basi liliposimama stendi ya Sumbawanga, Mzee Alois alikuwa pale katika suti yake ya Pasaka. Mama Jenifa hakungoja watu washuke. Alipiga kigelegele dirishani, Mama Rahel akajibu kwa kigelegele kirefu zaidi kutoka ndani ya basi, na konda naye, bila kujua habari yenyewe, akapiga makofi.